Kipande Chako Bondeni

Makambako,
Njombe.
Jumamosi, 19 Julai 2025.

Mpendwa Shangazi Lidia,

Shikamoo, Shangazi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, unalala vizuri na unakula vizuri. Hilo la kula nimetumwa niliulize, na aliyenituma utamjua mbele kidogo. Goti lako linaendeleaje? Na ni kweli kwamba huko sasa kuna joto mpaka watu wanalala madirisha wazi? Huku ni kipupwe hasa. Asubuhi tunakwenda shule tumevaa makoti, tukiongea mvuke unatoka mdomoni, na upepo wa Makambako unaujua mwenyewe, unaingia hata mahali ambapo hapana tundu.

Sisi hatujambo. Baba alikohoa wiki nzima lakini sasa ameacha. Mama hajambo, anakusalimu sana. Bibi yuko Mdandu, ni mzima, ila miguu inamsumbua siku za ukungu. Mimi nipo kidato cha tatu, na katika mtihani wa nusu muhula nilifanya vizuri jiografia na fizikia. Kemia tuiache kwanza.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu nakuwa mjinga. Naandika "Shikamoo Shangazi, hatujambo," halafu naishiwa. Kwenye karatasi naweza kukaa na sentensi mpaka nione imekubali. Baba amesema ataipeleka posta mwenyewe Jumatatu, kwa hiyo ikichelewa si mimi.

Kwanza kabisa, hongera! Najua umepongezwa na watu wengi wenye maneno mazuri kuliko yangu, lakini naomba na mimi niingie kwenye foleni. Hongera kwa tuzo, hongera kwa miaka yote ya kazi, hongera kwa kuongoza watu wengi hivyo bila kupiga kelele. Nimewaambia wenzangu darasani kwamba mtu aliyepewa tuzo ya uongozi katika kuiangalia Dunia kwa setilaiti ni shangazi yangu, ndugu wa damu wa baba yangu. Wawili waliniamini mara moja. Wengine waliomba picha.

Sherehe tuliitazama Mdandu siku ya kwanza ya likizo, kwenye simu ya Brayson wa Baba mkubwa. Tulikuwa tumebanana jikoni kwa Bibi kwa sababu ya moto. Mtandao ulikuwa unakatika, kwa hiyo ulipanda jukwaani mara tatu, na kila mara tulipiga makofi upya. Mama alilia. Baba mkubwa Hezekia alisema, "Huyo ni dada yangu," kana kwamba kuna mtu alibisha. Nami nilikuwa natafsiri.

Sehemu niliyoipenda zaidi ni yule dada mdogo wa kazini kwako alipokuja kukuelezea. Alisema umewafundisha vijana wengi kusoma picha za mashamba, misitu na mafuriko, lakini kilichomfanya abaki ni jambo dogo. Katika kila mkutano, kabla hujatoa maoni yako, unamuuliza kwanza yule ambaye amekaa kimya. Nilipotafsiri hapo, Bibi aliacha kuchochea moto.

"Hilo kalitoa kwa baba yake," alisema. "Mezani alikuwa anaanza kumuuliza mtoto wa mwisho."

Nikangoja aendelee. Wote tulingoja. Bibi akasogea karibu na simu, akakutazama na lile gauni lako la kitenge chekundu, akauliza, "Mbona amekonda?" Kisha akasema mshono wa bega la kushoto umevutika, na akataka kujua ni nani aliyekushonea. Basi. Akarudi kwenye viazi vyake.

Shangazi, siku ile uliponitumia ujumbe wa sauti uliniuliza habari za shule, ukauliza habari za Mama, halafu mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, ukasema kila mtu amekupongeza, hata watu usiowafahamu. "Na Bibi yako, amesema nini?" Uliona kwamba nimeusikiliza na sikujibu. Kukwambia kuhusu mshono wa bega nilishindwa, na kutunga kitu kingine nilishindwa pia. Barua hii ndiyo jibu. Imechelewa kwa sababu jibu lenyewe lilichukua muda kukamilika.

Jumapili iliyofuata, Baba mkubwa alipeleka taarifa kanisani ili itangazwe. Alimweleza Mwinjilisti Timoth vizuri tu, kwamba dada yake anaongoza watu wanaoitazama dunia kutoka angani na amepewa heshima kubwa. Mwinjilisti akatangaza, watu wakashangilia, kisha akaomba. Aliomba kwa bidii sana. "Bwana, mshike dada yetu Lidia huko juu aliko. Mkinge na baridi ya angani. Na siku yake ya kurudi ikifika, umshushe salama, atue kwa miguu miwili." Kanisa zima likaitikia amina. Mimi niliangalia viatu vyangu. Brayson alijifanya anapiga chafya.

Tangu siku hiyo hatujapumua. Mzee Laurenti, jirani yetu, ambaye ni Mkatoliki na wala hakuwapo, alilisikia mashineni kwenye foleni ya kusaga. Sasa akimwona Bibi hata ng'ambo ya barabara anapaza sauti kwa salamu yetu ya Kibena, "Kamwene, Mama Hezekia! Ameshashuka?"

Na Bibi anamjibu, "Bado anatafuta pa kutua. Paa lako limejaa kutu, anaogopa kulitoboa."

Niliposikia hivyo nikajua kwamba amefurahi. Mtu ambaye hajafurahi hatanii namna ile. Lakini wewe hukuniuliza kama amefurahi, uliniuliza amesema nini. Kwa hiyo niliazimia nimpate aseme. Siku moja tulikuwa tunamenya viazi, mimi na yeye tu, nikaiegemeza simu ya Mama kwenye bakuli nikaiwasha irekodi. Nikamwomba amweleze Shangazi, kwa maneno yoyote, anajisikiaje kuwa mama wa kiongozi kama huyo.

Bibi aliitazama simu. "Lidia alikuwa anaacha jembe kwenye mvua," alisema. "Ugali wake ulikuwa na mabonge. Zima hiyo kitu."

Nikazima. Nikamuuliza kwa nini hawezi kusema hata neno moja zuri. Hakukasirika. Alisema kwamba tangu enzi za mama yake, mzazi hamsifu mwanawe mwenyewe mbele za watu. Kumsifu ni kazi ya majirani. "Nikimsifu mimi, Laurenti atabaki na kazi gani?" Akacheka, nami nikacheka, lakini nilipokwenda kulala nilikuwa na huzuni. Nilifikiri nitakuandikia kwamba nimeshindwa.

Kumbe kesho yake yeye ndiye aliyeniita. Alitaka nimweleze hasa ni nini unachofanya, "si kama alivyoeleza Hezekia." Nikafungua kwenye simu ile picha ya Mdandu uliyonitumia mwaka jana, ya mwezi wa nane, kila kitu kimekauka. Nilimwambia kwamba chombo kinapita juu sana, hakina mtu ndani, kinapiga picha na kuituma chini, na wewe na wenzako ndio mnaosoma kilichomo. Mwanzoni aliona madoa tu. Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa mto, akaufuata taratibu, na ghafla akasema, "Ah! Hii ni njia ya mtoni. Hapa ni kanisani. Hii nukta inayong'aa ni paa la Laurenti." Shangazi, alifika nyumbani kwa kidole peke yake.

Aliuliza yeye mwenyewe yuko wapi. Nikamweleza kwamba mtu haonekani, ni mdogo mno. Kila nukta kwenye picha ile ni mita kumi kwa kumi, kwa hiyo hata kuku wote na banda lao hawaijazi nukta moja. Shamba ndilo linaloonekana.

Akarudi kwenye picha. Bondeni kulikuwa na vipande vya kijani vimepangana kando ya mto, vinyungu vyetu vya kiangazi, vimelimwa matuta na vina maji. "Hiki cha Hezekia," alisema. "Hiki cha baba yako. Hiki cha marehemu mwanangu Tarsis, wanalima wanawe." Kidole kikafika kwenye kile kipande kikubwa cha mwisho, chenye rangi ileile ya majani makavu. Hicho kilikuwa cha Babu. Akauliza kama wewe unaziona picha hizi. Nikamwambia uliyoniambia wewe, kwamba kila mnapopata picha mpya za kujaribu, kabla ya kwenda nchi nyingine yoyote, unaanza kwa kuitafuta Mdandu.

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote, Bibi."

"Kwa hiyo miaka yote anaona tulivyowalimia kaka zake."

Aliendelea kushika ile simu hata kioo kilipozima.

Unaukumbuka vizuri, Shangazi, utaratibu wa Babu kuliko mimi. Kila mtoto wa kiume alipooa, Babu alimkatia kipande bondeni, na siku ya kwanza ya kulima ukoo na majirani wote walikuja na majembe, wakalima pamoja mpaka kikaisha, na tangu siku hiyo aliitwa mwenye shamba. Mabinti hawakukatiwa. Ilisemwa watakatiwa watakakoolewa. Kipande cha Babu mwenyewe hakijaguswa tangu alipofariki. Baba mkubwa aliomba mara mbili apande miti ya milingoti, Bibi akakataa, na sote tulidhani ni kwa sababu ya majonzi.

Aliniuliza swali la mwisho. Chombo kinapita lini? Nikamwambia kila baada ya siku tano, asubuhi, kabla ya saa tano, na nikahesabu nikamtajia siku inayofuata. Akasema, "Vizuri," akaenda kwa Mama Esteria, mwenyekiti wa kwaya ya akina mama.

Jioni ile aliwaita wanawe wawili. Baba alikuwa amekuja kutoka Makambako. Aliwaambia kwamba kipande cha baba yao kitalimwa, na ni cha Lidia. Baba alitazama chini akitabasamu. Baba mkubwa akakohoa.

"Mama, binti hakatiwi huku. Anakatiwa alikoolewa."

"Lidia kaolewa wapi?"

"Hajaolewa."

"Basi akatiwe wapi, mawinguni?"

Baba mkubwa akajaribu tena. Alisema wewe uko Ulaya, shamba haliwezi kulimwa kwa kutazamwa, ardhi ya bonde ni nzuri mno kuachwa ikae na jina tu. Bibi akamwacha amalize, kisha akamuuliza kwa upole mwaka jana kipande chake yeye alipanda nini. Brayson, ambaye alikuwa mlangoni, akajibu kwa niaba ya baba yake: "Magugu, Bibi. Yalistawi vizuri sana." Hata Baba mkubwa alicheka. Mjadala ukaishia hapo, ingawa utaona kwamba haukuisha kabisa.

Sasa naomba usinicheke, kwa sababu linalofuata lilisababishwa na mimi na sayansi yangu. Siku ya kulima niliteremka bondeni mapema, nimevaa sketi ya zamani na buti za Mama. Umande ulikuwa bado mweupe kwenye majani. Nikaona watu wanashuka kutoka barabarani, kundi kubwa, wana majembe begani, na wote wamevaa nguo za Jumapili! Akina mama wa kwaya walikuwa na sare zao za zambarau na vitambaa vya kichwa vilivyopigwa pasi. Mwinjilisti Timoth alikuwa na koti na tai. Mzee Laurenti alikuwa na suti ile aliyomwozeshea binti yake, na kofia. Bibi alikuwa amewaambia kitu kimoja tu: "Njooni mlime, Lidia atakuwa anatazama."

Nilikimbia kwa Bibi nikamnong'oneza kwamba nilishamweleza, watu hawaonekani. Akasema, "Mimi nimeelewa. Waambie wao."

Shangazi, unajua mimi nilivyo. Darasani nikiulizwa swali ninalolijua, najibu nikiitazama kalamu. Lakini watu wote walikuwa wamesimama wananitazama, na nikamkumbuka yule dada jukwaani. Nikaona kwamba kwenye mkutano huu aliyekaa kimya ni mimi, na nimeulizwa. Nikasema, kwa sauti ambayo ilibidi niirudie, kwamba chombo hakitaona nguo, wala sura, wala kofia ya Mzee Laurenti. Kitaona udongo tu, kama tutalima eneo kubwa na kulisafisha vizuri. Nikawaomba radhi kwa usumbufu.

Kisha Mama Esteria akakunja mikono ya sare yake mpaka juu ya viwiko. "Sisi tumemvalia Lidia," alisema, "hatukuvalia kamera. Haya, mwenye shamba yuko wapi, apige jembe la kwanza?"

Hapo ndipo kila mtu alipogundua kwamba mwenye shamba hayupo. Baba alinitazama mimi. Mwinjilisti alimtazama Baba mkubwa. Bibi akamwomba Brayson jembe. Unajua alikuwa hajalima tangu miguu ianze kumsumbua. Alivua kanga ya begani, akanipa nishike, akaingia kwenye majani marefu na viatu vyake vya kanisani, akapiga jembe la kwanza. Halikuingia vizuri. Akapiga la pili, likazama, akalipindua donge jeusi, likafuka mvuke kwa baridi. Akasema kwa Kibena, si kwa sauti kubwa, "Hili ni la mwanangu," kisha akanikabidhi lile jembe na kwenda kukaa kwenye kigogo.

Tulilima, Shangazi! Sijawahi kuona kulima kwenye furaha namna ile. Kwaya ililima kwa sauti nne. Baba alivua koti, akavua na sweta. Mzee Laurenti alilima na kofia kichwani, na kila alipofika mwisho wa tuta alitazama juu na kuuliza, "Anaona huku? Huku ndiko kulikonyooka." Sare za zambarau zikawa na matope mpaka kiunoni. Kulikuwa na togwa, viazi vya kuchemsha na maharage, na watoto waliofukuzwa mara nyingi wasiteleze mtoni.

Ilipokaribia saa ile niliyoitaja, Mwinjilisti akawaambia watu wasimame. Wote wakaegemea majembe wakatazama juu. Na juu, Shangazi, hapakuwa na kitu. Ukungu uliokuwa mtoni asubuhi ulikuwa umepanda na kuwa wingu, bonde zima limefunikwa, hata jua lilikuwa doa jeupe. Watu wakapunga mikono hivyo hivyo. Wakapaza sauti, "Kamweneee, Lidia!" Brayson akasema, "Kafunga dirisha huyo, kuna baridi."

Watu walicheka wakarudi kazini, lakini mimi nilitaka kulia. Nilijua wewe utaona nini siku hiyo, rangi nyeupe tu. Nikaenda kwenye kigogo nikamwambia Bibi kwamba kazi yote imepotea, picha ya leo itakuwa mawingu matupu.

Bibi alinitazama kama mtu anayemtafuta mtoto mwenye akili aliyekuwa hapo muda si mrefu. "Elina," alisema, "hilo shamba linakwenda wapi?"

Nikacheka huku machozi yananitoka. Kweli linakwenda wapi! Nikarudi kwenye matuta. Tulimaliza alasiri, na kwaya ikapanda kilima ikiimba, imechafuka, majembe juu.

Shule zilipofunguliwa nilimweleza habari yote Mwalimu Remmy wa jiografia, ambaye alisoma makala kuhusu tuzo yako na amekuwa akinitesa kwa maswali. Aliniruhusu nitumie kompyuta ya walimu wakati wa mapumziko. Picha ya siku ile ilikuwa kama nilivyosema, maziwa matupu. Tukafungua iliyofuata. Ilikuwa safi kabisa. Vilima vyote vya rangi ya chai, mto, vile vipande vya kijani vya kaka zako, na pembeni yake, pale palipokuwa na majani makavu miaka yote, umbo jeusi lenye kingo zilizonyooka. Lilikuwa kubwa kuliko yote. Mwalimu Remmy aliita walimu wengine. Walijaa nyuma ya kiti changu, na mimi nikawaeleza kile ni nini na ni cha nani, na nadhani sikuitazama kalamu hata mara moja.

Ila kulikuwa na kasoro. Kona moja, ile inayopakana na kipande cha Baba mkubwa, ambayo siku ile alisema atailima mwenyewe, ilikuwa haipo. Umbo lilikuwa kama mkate ulioumwa. Nilifikiri ni kosa la picha. Mwalimu aliichapisha, na Jumamosi iliyopita nilikwenda nayo Mdandu.

Bibi aliishika kwa mikono miwili, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Hakuuliza hiki ni nini, hiki ni nini. Alitazama tu. Kisha akamwita mwanawe mkubwa.

"Hezekia, hapa pameliwa na nani?"

Baba mkubwa alisema pale pana jiwe.

"Jiwe kubwa namna hii? Mbona baba yako alipalima miaka yote?"

"Labda limekua, Mama."

"Dada yako anakuona, Hezekia."

Shangazi, alitazama juu! Naapa alitazama juu kwanza, kisha akamtazama Bibi, kisha akachukua jembe nyuma ya mlango, akateremka bondeni bila kunywa chai. Jioni aliporudi nilimuuliza kuhusu jiwe. Alisema limeyeyuka. Alikuwa anacheka, na aliniambia nikusalimu kwa namna ya pekee. Kwa hiyo picha ikija tena, wewe tazama ile kona kabla yangu.

Nimekaribia mwisho, na ndilo jibu uliloomba. Picha ile Bibi ameiweka ukutani sebuleni, chini ya picha ya Babu, kwa misumari minne, na amekataza mtu asiiguse. Nilipokuwa naondoka nilimuuliza kwa mara ya mwisho kama ana neno nikupelekee. Nilikuwa nimeshakubali kwamba hatasema. Alinisindikiza mpaka barabarani, akatengeneza kola ya koti langu, akasema hivi, nami nimeyaandika kama yalivyotoka:

"Mwambie mwenye shamba kwamba shamba lake limeshalimwa. Mbegu hatuchagui sisi. Atachagua mwenyewe, kama kaka zake walivyochagua."

Hajawahi kumwita mwanamke mwenye shamba, Shangazi. Hata Mama hajaitwa hivyo. Basi chagua. Ni viazi, ni njegere, ni maharage? Bibi anasema maji bado ni mengi lakini mbegu isichelewe kupita katikati ya Agosti, kwa hiyo kwenye hili naomba usinijibu kwa barua, piga simu. Piga kwa Baba mkubwa, apokee Bibi. Nitajitahidi niwe Mdandu siku hiyo, nikae pembeni tu nisikie.

Baba, Mama, Baba mkubwa Hezekia na Brayson wanakusalimu. Mwinjilisti Timoth anakusalimu na anasema sasa ameelewa, ila maombi yale hayafuti. Mama Esteria na kwaya yote wanakusalimu, matope yametoka. Mzee Laurenti anauliza utatua lini. Nisalimie na yule dada wa jukwaani, mwambie kuna mtu Makambako aliyemsikia.

Mungu akutunze katika kazi yako, ayatie nguvu macho yako na goti lako, na akulete nyumbani wakati mimea imeshachipua, uione kwa karibu.

Ni mimi mwanao ninayekupenda na kujivunia wewe bila kizuizi, kwa kuwa mimi si mama yako na naruhusiwa,

Elina.

N.B. Naongeza hili Jumapili. Jana Bibi alikuja Makambako kliniki, na nimemsomea barua hii yote kabla sijaifunga. Anasema nimekusifu kupita kiasi na utaharibika. Ameniamuru niandike kwamba ule mshono wa bega la kushoto haufai, usimrudishie fundi yule. Uje na gauni. Atakushonea mwenyewe.